Maswali Yenu: Rao Jodha, Mjenzi wa Jodhpur

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu Rao Jodha, mtawala wa Kirajputi aliyeanzisha mji wa Jodhpur, magharibi mwa India, mwaka 1459.

*Kwa nini alihama Mandore, mji wa wazee wake?*

Alikuwa kama aliyeumwa na nyoka, akawa anaogopa unyasi. Mwaka 1438 baba yake, Rao Ranmal, aliuawa Chittor, ngome kuu ya ufalme jirani wa Mewar, na jeshi la Mewar likaitwaa Mandore. Jodha akatangatanga jangwani, akairudisha mwaka 1453. Lakini hakuiamini tena. Alichagua kilima cha mwamba kilomita 9 hivi kusini, akajenga juu yake ngome ya Mehrangarh.

*Kile kisa cha chakula cha moto ni cha kweli?*

Ni simulizi, ila tamu. Wanasema akiwa mkimbizi alikaribishwa kwa mkulima, mama mwenye nyumba akampakulia bokoboko la nafaka linalofuka mvuke. Kwa njaa aliyokuwa nayo, akatumbukiza vidole katikati ya sahani. Akaungua! Yule mama, asimjue mgeni wake, akamwambia: "Nawe u kama Jodha tu. Anzia pembeni, kunakopoa kwanza." Tangu hapo, eti, Jodha akaacha kuikabili Mandore uso kwa uso, akawa anateka vituo vya kandokando kimoja kimoja. Mla ugali yeyote angempa ushauri uleule.

*Ni kweli mtu alizikwa hai kwenye msingi wa ngome?*

Ndivyo wanavyosimulia wenyeji, tena bila kificho, na jina wanalitaja: Raja Ram Meghwal. Inasemwa kilimani palikuwa na mtawa, Cheeria Nathji. Alipofukuzwa akaulaani mji ukose maji, na kafara ile ilikuwa ya kuondoa mkosi. Jamaa za Meghwal walipewa ardhi. Kwangu mimi, hakuna shamba linalolipa hilo. Na kuhusu maji, namshukuru zaidi Rani Jasmade, mke wa Jodha, aliyejengesha bwawa la Ranisar chini ya ngome.

*Ndiye Jodha, mke wa mfalme Akbar wa India?*

Hapana! Huyu ni mwanamume, na alifariki mwaka 1489. Akbar alizaliwa 1542.

*Watoto wake walirithi nini?*

Mmoja hakungoja urithi. Bika alikwenda zake kaskazini, na mwaka 1488, baba yake akiwa hai bado, akaanzisha mji wake mwenyewe: Bikaner.