Taimulapsi ni video iliyoharakishwa?

Msomaji kaniuliza: "Shikamoo mwalimu, ile video ya ua linachanua lote huku unaliangalia, wenzangu wanaiita video iliyoharakishwa, mimi naiita taimulapsi, nani yuko sahihi? Na pale kinachokimbia ni muda au wakati?"

Marahaba. Taimulapsi ni sawa kabisa, neno limeshazoeleka, ila hilo la kuharakisha ndo lina shida kidogo, manake unaharakisha kitu ambacho tayari kipo kinaenda, yaani umerekodi video ya kawaida halafu kwenye kuhariri ukaikimbiza, hapo iite video iliyoharakishwa wala hakuna ubishi. Kwenye taimulapsi kamera hairekodi mfululizo, inapiga picha moja inatulia, inapiga nyingine inatulia. Tuseme umeielekeza kwenye mawingu, inapiga kila baada ya sekunde 5, kwa saa 1 unapata picha 720, ukizionyesha 24 kwa sekunde unabaki na nusu dakika tu na mawingu yanafoka kama maziwa yaliyochemka. Hapo hujaharakisha kitu, umeruka vipande vya muda! Ua linalochukua siku 2 kuchanua huwezi kulipiga kila sekunde 5, utajaza kadi bure, weka kila baada ya dakika 10 upate picha 288, sekunde 12 za video, na ule ufundi wote uko hapohapo kwenye kuchagua uruke kiasi gani.

Kwa hiyo ukitaka Kiswahili kitupu mimi nasema "video ya muda uliofupishwa". Muda, sio wakati. Muda una mwanzo na mwisho, unapimika, tunasema muda wa saa 3, hatusemi wakati wa saa 3. Wakati ni ile nafasi jambo linapotokea, wakati wa jua kuzama, wakati wa mvua, kwa hiyo mpigaji anachagua wakati halafu anafupisha muda, na nikiona mtu kaandika "wakati uliofupishwa" naumia kweli.

Slomosheni, ile video ya mwendo wa polepole, ndo kinyume chake, unarekodi picha 120 kwa sekunde unaonyesha 24, muda umeurefusha mara 5.

Kisarufi usihangaike, taimulapsi hii imetoka vizuri, taimulapsi hizi zimetoka vizuri, basi. Na ile ambayo kamera yenyewe inahamishwa hatua kwa hatua kati ya picha na picha inaitwa haipalapsi, hiyo kwa Kiswahili kitupu bado sijapata jina linaloniridhisha.