Kabla ya Kuuliza Bei ya Kipuri, Uliza Kinatoka Wapi

Kwa miaka 14 nimefanya kazi katika idara ya ununuzi ya kiwanda cha kuunganisha magari, na katika muda wote huo sijaona kazi ikisimama kwa kukosa injini. Tulisimama kwa kukosa chipu za kielektroniki, vifungo vya plastiki na mafungu ya nyaya, yaani vitu ambavyo bei yake haikumshughulisha mkurugenzi yeyote. Toyota hukadiria kwamba gari moja lina sehemu zipatazo 30,000 ukihesabu hadi skrubu ya mwisho, na kila moja kati ya hizo inaweza kulizuia gari kutoka kiwandani. Kwa hiyo, ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii, ushauri wangu ni kwamba mjifunze kuitazama orodha ya sehemu kwa kuuliza ni ipi isiyo na mbadala, kabla ya kuuliza ni ipi yenye gharama kubwa.

Somo hilo nililipata kwa uchungu mwaka 2020. Viwanda vilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, watengenezaji wengi wa magari walifuta oda zao za chipu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioandaa barua za namna hiyo. Tuliamini kwamba siku tutakayozihitaji tutaagiza tena na kupokea kama kawaida. Hatukuzingatia kwamba chipu hupita katika hatua nyingi zinazochukua miezi kadhaa, wala kwamba watu waliojifungia majumbani walikuwa wakinunua kompyuta na vifaa vya michezo kwa wingi, hivyo nafasi tuliyoiacha ilichukuliwa mara moja na wateja wanaolipa vizuri zaidi. Wateja wetu waliporudi tukajikuta mwisho wa foleni, huku uwanja wetu ukijaa magari yaliyokamilika isipokuwa kwa kifaa kimoja kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Yafaa kukitazama kiwanda cha Renesas kilichoko Naka, Japani, kinachotengeneza chipu za magari. Kilisimama baada ya tetemeko la Machi 2011, kisha kikasimama tena kwa moto Machi 2021, na mara zote mbili watengenezaji wa magari katika nchi nyingi walitikisika. Baada ya tetemeko lile, Toyota ilichunguza wasambazaji wake hadi ngazi za chini na kuwataka baadhi yao waweke akiba ya chipu ya miezi 2 hadi 6, jambo lililoonekana kupingana na utaratibu wake maarufu wa kupokea vitu kwa wakati ule ule vinapohitajika. Akiba hiyo iliikinga kwa muda mrefu kuliko wenzake, ingawa Septemba 2021 nayo ililazimika kupunguza uzalishaji uliopangwa kwa asilimia 40. Kwa maoni yangu hilo halipunguzi thamani ya akiba, kwa kuwa miezi michache ya nafuu ndiyo inayompa mnunuzi muda wa kutafuta mlango mwingine.

Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, tulikumbushwa jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mafungu ya nyaya za umeme husukwa kwa mikono kwa kiasi kikubwa, maana mashine bado hazijaimudu kazi hiyo, na viwanda vingi vya Ulaya vilikuwa vikiyapata magharibi mwa Ukraine. Volkswagen na BMW zililazimika kusimamisha sehemu ya uzalishaji wao.

Sasa tasnia nzima inaelekea kwenye magari ya umeme, na wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa injini na giaboksi zinaondoka, matatizo ya ugavi yatapungua. Sikubaliani nao. Sehemu zinazosogea hupungua kweli, lakini utegemezi huhamia kwenye betri na sumaku za mota. Sehemu kubwa ya kobalti, madini yanayotumika katika betri nyingi, huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na husafishwa zaidi China, nchi ambayo pia hutengeneza betri nyingi kuliko nyingine zote. China ilipoweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini adimu yanayotumika katika sumaku hizo Aprili 2025, haikuchukua muda kabla ya baadhi ya viwanda vya magari nje ya China kusimamisha kazi. BYD, kampuni ya magari ya China iliyoanza mwaka 1995 kama kampuni ya betri, imeamua kutengeneza betri na chipu zake nyingi yenyewe, na betri zake za fosfeti ya chuma hazihitaji kobalti. Kampuni ndogo haziwezi kumudu njia hiyo, lakini zinaweza kuuliza maswali.

Anzeni na sehemu 20 ambazo mkizikosa hakuna gari litakalotoka, kisha mfuatilieni msambazaji wa kila moja hadi kwa anayemuuzia yeye, na ikiwezekana hadi mgodini. Ushuru nao uingie katika hesabu, kwa sababu tangu Marekani ilipotangaza asilimia 25 kwa magari yanayoingia nchini humo mwaka 2025, bei ya leo haitoshi kumchagua msambazaji wa miaka mitano. Wasambazaji wengi watakataa kuwatajia wanakonunua, wakihofia kwamba mtawaruka na kwenda huko moja kwa moja. Mwandikieni mtu wa namna hiyo ahadi ya kutomruka kwa muda wote wa mkataba, mtie saini, kisha mmuulize tena. Nimefanya hivyo mara nyingi, na wengi wao hufungua daftari.