Majina kwanza, sanamu baadaye: kujenga mnara wa wapagazi na askari waliosahaulika

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, na zile za Nairobi na Mombasa ni za miaka hiyohiyo. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina hata moja pale chini. Hakuna. Na wapagazi peke yao waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya 1914–1918 hukadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kujenga mnara kwao kianze na majina. Mchongaji ataitwa wakati wake ukifika.

Shikeni eneo dogo, wilaya moja au hata tarafa moja. Pitieni orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nyaraka za taifa, vitabu vya ubatizo vya misheni, kisha wazee. Mtu asipoonekana kwenye orodha za Tume msimfute: ripoti yake ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Daftari liwe na safu nne: jina kama lilivyo kwenye karatasi, jina kama ukoo unavyolitamka, namba ya utumishi, na chanzo pamoja na ukurasa. Makarani waliandika walichosikia, kwa hiyo L na R hubadilishana na "bin" huja na kupotea. Kosa linaloumiza zaidi ni kufanya watu wawili kuwa mmoja. Juma Salim wawili wabaki wawili mpaka namba na kikosi vilingane.

Kwa Tanzania kuna swali ambalo halikwepeki: waliopigana upande wa Wajerumani waingie? Sisi tunasema waingie, chini ya kichwa chao. Amueni mapema na muandike kwenye muhtasari wa kikao, maana likiachwa litazuka siku ya kuchanga fedha. Vyeo visipange orodha, alfabeti inatosha.

Majina yakishatulia ndipo mpige hesabu ya jiwe. Herufi za milimita 20 husomeka vizuri kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Kila mstari ukichukua milimita 32, bamba lenye urefu wa mita 1.8 hubeba mistari 50 ukiacha pambizo, na likiwa na upana wa sentimita 90 linaingia safu mbili: majina 100. Granaiti ya unene wa sentimita 3 kwa vipimo hivyo ina kilo 130 hivi, basi waandaeni wabebaji na winchi. Shaba ni nzuri, ila wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanaipenda. Jiwe la matumbawe linapendeza ukutani lakini herufi ndogo hazidumu juu yake. Mfano mwingine uko Cape Town, ambako ukumbusho uliofunguliwa Januari 2025 umempa kila mmoja wa watu 1,772 wa vikosi vya kazi waliokufa katika vita hivyohivyo nguzo yake ya mvule. Faida yake ni kwamba jina likikosewa unabadilisha nguzo moja tu.

Kuhusu kiwanja, ombeni hati ya maandishi kutoka kwa mwenye ardhi, hata akiwa halmashauri yenyewe. Msijenge ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu za Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Pembezoni mwa barabara ndipo watu wengi hupapenda, na ndipo alama ya X nyekundu hupigwa.

Msingi ndio huua minara mingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hufuata. Uchimbueni wote mpaka mfike kwenye ardhi ngumu, jazeni moramu na mshindilie tabaka kwa tabaka. Pwani, nondo zifunikwe na zege la milimita 50, la sivyo chumvi itazila. Zege likae siku 28 kabla ya kufunga mabamba. Yafungwe kwa pini za stenlesi, na nyuma yake iachwe nafasi ya hewa. Fundi akiyagandisha kwa saruji pekee, maji ya mvua hutoa ukungu mweupe wa chumvi juu ya herufi, nao haukubali kuondoka.

Bamba la mwisho liachwe bila maandishi, kwa sababu familia zitaanza kuja na karatasi zao baada ya uzinduzi. Gharama ya kumrudisha mchongaji iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Usafi ni maji na brashi ya nailoni. Anayekuja na asidi ya kusafishia vyoo arudishwe getini.