Jibu: Epoksi iliyokauka kwenye sinki la stili

Habari mkuu. Nimekuelewa: ulikuwa unaziba bomba, epoksi ya tyubu mbili (gundi ya kuchanganya) ikadondokea sinki, sasa imekuwa jiwe na unataka kuitoa.

Kwanza ibonyeze kwa ukucha. Ikibonyea, bado changa. Ifute kwa kitambaa chenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ikigoma, asetoni peke yake itakuchosha. Mimi huipuliza kwa draya ya nywele, moto wa juu, dakika kadhaa mpaka ilegee kama jojo, halafu naisukuma kwa mwiko wa mbao niliouchonga ncha. Ikipoa inagoma tena, rudia moto. Kisu usithubutu, sinki langu lina michirizi hadi leo na mke wangu hajasahau. Chupa ya asetoni iwe mbali na draya, inashika moto upesi. Kwenye rangi ya gari sijajaribu.