Nani atanunua mataruma?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: reli ya taifa ikibinafsishwa, ni heri imilikiwe na mgeni au na mwenyeji? Nimekaa nalo siku tatu na jibu langu halijabadilika. Njia, stesheni na treni ya abiria visiwe vya mwenye hisa yeyote, awe wa Mumbai au wa Msasani. Naomba nafasi nieleze, maana mimi ni mtoto wa reli na jambo hili linanigusa.

Baba yangu alikuwa mtu wa gengi, magharibi ya Tabora, njia ya Kigoma. Gengi ni watu wachache na mnyapara wao. Wanapewa kipande chao cha njia na kila asubuhi wanakipita kwa miguu. Baba alibeba nyundo ya mpini mrefu. Kipande chao kilikuwa na mataruma ya chuma, yale yanayolazwa juu ya kokoto kushika reli, naye alikuwa akiligonga taruma mara moja, anatulia, anasikiliza. Lililokaa sawasawa juu ya kokoto hujibu kwa sauti nzito na fupi. Lililobaki wazi chini kwa sababu kokoto zimeondoka na mvua hulia kama debe tupu. Akisikia debe anapiga alama ya chokaa, wenzake wanakuja na sururu, wanarudisha kokoto na kushindilia mpaka taruma linanyamaza. Siku za likizo nilikuwa namfuata nyuma nikibeba kopo la chokaa. Hivyo ndivyo nilivyoijua reli, na ndiyo maana nikisikia habari za asilimia za hisa swali langu la kwanza huwa: kati ya hao wote, nani atanunua mataruma?

Sasa twende kwenye yaliyotokea kwetu. Reli ya Kati ilianzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, likakamilika 1928. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukaanzisha Shirika la Reli letu wenyewe, TRC. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika hilo lilikuwa bado likibeba zaidi ya tani milioni 1.4 za mizigo kwa mwaka. Lakini lilikuwa limeshawekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa, na mali inayosubiri kuuzwa hakuna anayeipigia rangi. Naamini miaka ile ya kusubiri mwekezaji ilituumiza kabla mwekezaji mwenyewe hajafika.

Alifika Oktoba 2007. Reli ikakabidhiwa kampuni mpya, TRL, kwa mkataba wa miaka 25: RITES ya India asilimia 51 pamoja na uendeshaji, Serikali yetu asilimia 49. Tuta, njia na majengo vikabaki mikononi mwa kampuni nyingine ya Serikali, RAHCO. Mwaka 2008 wafanyakazi waligoma wakidai mishahara na Hazina ikalazimika kutia mkono. Vichwa vya treni na mabehewa vilikodiwa kutoka India, kwa hiyo kampuni ambayo ilikuwa haijasimama ikawa tayari inadaiwa kodi. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko yakalibeba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakaa miezi bila kupita, na fedha za kulirudisha tuta zikatoka kwa umma. Mwaka 2011 hisa za mbia zikarudi Serikalini. Mkataba wa miaka 25 haukutimiza hata mitano, na ilipofika mwaka 2012 mzigo wa mwaka mzima ulikuwa hata tani laki tatu haufiki.

Wengi wetu tulihitimisha kwamba Mhindi alitushinda, au alitupiga. Mimi nawaomba wasomaji wamtazame vizuri huyo Mhindi. RITES ilikuwa mali ya Serikali ya India, chini ya Wizara ya Reli yao, na reli ya India yenyewe inaendeshwa na serikali hadi leo. Yaani tuliambiwa serikali haiwezi kuendesha reli, kisha tukaichukua reli kutoka serikali ya hapa tukaikabidhi kwa kampuni ya serikali ya kwingine. Tukauita ubinafsishaji. Wale waliokuja kutufundisha walikuwa wamejifunza kazi hiyo ndani ya shirika la umma ambalo taifa lao lilikataa kuliuza.

Kwa hiyo jibu ni mwenyeji? Ndugu zetu wa Kenya na Uganda walijaribu kumchanganya mwenyeji na mgeni. Novemba 2006 reli yao ilikabidhiwa Rift Valley Railways, nayo kwa miaka 25, chini ya uongozi wa Sheltam ya Afrika Kusini. Mambo yalipokwama, hisa zikapangwa upya mwaka 2010: Citadel Capital ya Misri asilimia 51, TransCentury ya Kenya 34, Bomi Holdings ya Uganda 15. Hapo wenyeji walikuwa na karibu nusu ya kampuni. Mwaka 2014 TransCentury iliuza hisa zake zote kwa Citadel. Siwalaumu. Ilikuwa kampuni ya uwekezaji, iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, yenye wenye hisa waliosubiri gawio lao, na ilipoona bei nzuri iliuza kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Miaka mitatu baadaye Kenya iliuvunja mkataba. Kabila la mwenye hisa, uraia wake, kijiji alikozaliwa bibi yake, vyote hivyo havikuongeza kokoto hata toroli moja kati ya Mombasa na Kampala. Na kwa TRL tusisahau kwamba mwenyeji alikuwamo tangu siku ya kwanza, na asilimia 49 zake mfukoni.

Kuna watakaonijibu kwamba umma nao umeshindwa, na wana haki. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hapakuwa na mgeni wala mbia. Ilikuwa TRC, shirika letu, asilimia mia moja. Siandiki haya ili kulisafisha shirika la umma. Baba yangu alilala siku mbili bila kula baada ya Igandu, ingawa kipande kile cha njia hakikuwa chake.

Hata hivyo nabaki upande wa umma, na sababu yangu ni treni ya abiria.

Mama yangu alikuwa anauza samaki wakavu wa Ziwa Sagara dirishani mwa mabehewa ya daraja la tatu. Treni ya kutoka Kigoma ikipiga honi kule kwenye kona, wanawake wote walikuwa wameshajipanga, kila mmoja na sehemu yake. Mama alikuwa anajua behewa lake litasimama wapi, akikosea hatua kumi tu amekosa biashara. Dakika chache, mikono inapanda na kushuka, chenji inatupwa, treni inaondoka. Kwa fedha hiyo mimi nilipata sare na madaftari. Mvua ile ya 2009 ilipolibeba tuta kule Kilosa, mbali kabisa na kwetu, sinia la mama lilikaa ukutani miezi yote ile. Sasa, fanyeni hesabu ya mwenye hisa. Kontena la shaba linalokwenda bandarini linalipa vizuri. Abiria wa daraja la tatu mwenye gunia la mihogo na watoto wawili halipi hivyo, na mama yangu hayumo kabisa kwenye vitabu. Mwenye hisa akitaka kupunguza hasara ataanzia hapo kwetu. Atakuwa hajafanya ubaya wowote wa kibiashara. Ndiyo kazi aliyotumwa. Ndiyo maana sitaki apewe uamuzi huo.

Tazameni njia ya kaskazini. Treni ya abiria ya Moshi na Arusha ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, reli imefunikwa na nyasi na mahali pengine watu wamejenga juu yake. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha RAHCO na TRL, TRC ikarudi, na shirika hilo likaifufua njia: abiria walifika Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Mwekezaji anayetazama faida ya miaka mitano asingeigusa njia ile. Vivyo hivyo ukarabati wa njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, ulifanyika kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao sisi wote tunaulipa, na reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 ni deni letu pia. Mataruma, Ndugu Mhariri, hununuliwa na umma mwishowe, hata mkataba useme nini. Na anayeyanunua ndiye awe na sauti.

Wafanyabiashara wa mizigo sina ugomvi nao. Aje mwenye vichwa vyake na mabehewa yake, Mtanzania au Mturuki, apite kwenye njia yetu, alipe ushuru wa kila kilomita, na akikosa kulipa aondoke na mabehewa yake huku njia ikibaki. Fedha ya ushuru huo iwe na mfuko wake, isichanganywe na nyingine, na kila mwaka tuambiwe imenunua kokoto kiasi gani na imeajiri magengi mangapi. Hilo la magengi nalitilia mkazo. Mashine za kukagua njia ni nzuri, lakini mtu anayepita kila asubuhi anaona maji yalipoanza kula tuta kabla hayajawa mafuriko ya kutangazwa redioni.

Swali lenu limekuja wakati wake, kwa sababu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, sasa inaingia mkataba wa miaka 30 na CCECC ya China, wa dola bilioni 1.4, uliosainiwa mwaka 2025. Nayo CCECC ni kampuni ya serikali ya kwao. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na wazee wetu wengi walifanya kazi humo bega kwa bega na Wachina, kwa hiyo siwaogopi kama wageni. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Bonde la Kilombero masika ikikolea barabara zinajaa maji, na mtu wa Mlimba mwenye mgonjwa au mwenye mpunga anategemea treni. Mkataba huo unasema treni ya abiria itasimama Mlimba mara ngapi kwa wiki, kwa nauli inayopangwa na nani, na isiposimama nani anatozwa faini? Ukurasa huo utafsiriwe kwa Kiswahili, ubandikwe ubaoni pale stesheni karibu na dirisha la tiketi, watu wausome masika haijaanza.