Goti Linalouma Halitaki Kulazwa

Wanawake wa rika langu hapa Tanga tuna jibu moja kwa kila goti linalouma: "Ute umeisha." Baada ya hapo inakuja bamia, inakuja supu ya makongoro, yanakuja mafuta ya kuchua, na mwisho kabisa unaambiwa, "Pumzika mama, umri huo." Mie nina goti la kulia, kaka yangu mkubwa ana nyonga, na tumeishi na maradhi haya miaka. Katika yote tunayoambiwa, hilo la kupumzika ndilo linalotumaliza. Goti lililosagika hutibiwa kwanza kwa misuli yenye nguvu. Vidonge, sindano na upasuaji vina nafasi yake, lakini nafasi hiyo iko nyuma.

Tuelewane kuhusu huo ute. Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi, na hilo ndilo linalosagika. Gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake inatoka kwenye majimaji ya kiungo, ndiyo huo ute, na majimaji hayo huingia unapokanyaga na kuachia, unapokunja na kukunjua. Ukikaa kitako siku nzima, gegedu linakosa lishe na msuli wa mbele wa paja, ule unaolibeba goti, unanywea. Ukishanywea, mzigo wote unashukia kiungo, maumivu yanapanda, nawe unazidi kukaa. Bamia ni mboga nzuri, tuile, ila utelezi wake husagwa tumboni kama chakula kingine chochote.

Nilipita vituo kadhaa nikitoka na kifuko cha diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, hakuna aliyenishika hata paja. Aliyenisaidia ni kijana wa fiziotherapia, sawa na mwanangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, akavuta kiti, akasema, "Mama, hebu inuka hapo bila kushika popote." Sikuweza. "Basi dawa yako ya kwanza ndiyo hiyo: kukaa na kuinuka."

Ndivyo nilivyoanza. Kiti kirefu chenye mto juu yake, kuinuka polepole, kukaa polepole zaidi, bila kujitupa. Nilipozoea, mto ukatoka. Kisha kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nainua makalio na kuyashusha. Hilo ni la nyonga na ni zuri sana kwa kaka pia. Kisha kunyoosha mguu mmoja na kuuinua ukiwa umenyooka. Kisha kupanda na kushuka kibaraza cha nyumba, mkono ukutani. Mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki yanatosha, mradi yawe yanaongezeka ugumu kadiri unavyopata nguvu.

Kinachowafukuza wengi ni kwamba mwanzoni goti huuma zaidi kidogo. Kijana yule alinipa kipimo: kama maumivu, ukiyapima kuanzia sifuri hadi kumi, hayapiti tano, na kesho yake yamerudi pale pale yalipokuwa, endelea. Yakipita hapo, punguza, usiache. Nafuu haiji kwa siku mbili. Hesabu wiki sita hadi kumi na mbili. Denmark walianzisha mpango wao, GLA:D, mwaka 2013: mgonjwa anafundishwa maradhi yake, kisha anafanya mazoezi na wenzake mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, mtaalamu akiwasimamia. Hakuna mashine ya ajabu humo. Mtaalamu mmoja, viti, na chumba. Hicho ndicho ninachotamani kila hospitali yetu ya wilaya iwe nacho.

Na sisi Tanga tuna bahati yetu: mji tambarare, mji wa baiskeli. Baiskeli huzungusha goti na nyonga bila kuzibebesha uzito wote wa mwili. Inua kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini kabisa, maana kiti kifupi hulikunja goti kupita kiasi. Kaka yangu, ambaye kutembea mpaka soko la Mgandini kulishamshinda, kwa baiskeli anafika na kurudi.

Niseme kidogo kuhusu nyonga, kwa sababu inadanganya. Maumivu yake hukaa kwenye kinena, na wakati mwingine huonekana gotini tu. Kaka alichuliwa goti muda mrefu, kumbe shida iko juu. Ukiona kuvaa viatu au kukata kucha za miguu kumekuwa kazi, mwambie daktari aikague nyonga.

Uzito nao tuuseme bila kuoneana haya. Kilo moja ukiipunguza, goti linapunguziwa takriban kilo nne kwa kila hatua. Najua huku kwetu ukipungua utaulizwa unaumwa nini. Mie sikuacha wali wa nazi. Nilipunguza sahani, nikaacha maandazi mawili ya asubuhi, mchicha na samaki vikapanda.

Kuna vitu vya nyumbani vinavyolitesa goti kuliko kutembea. Mbuzi ya kukunia nazi ni kimojawapo, kwa ule ukaaji wa chini na kuinuka kwake. Mpe mjukuu, au kunisha sokoni kwa mashine. Choo cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu. Kwenye swala, asiyeweza kusujudu chini anaruhusiwa kuswali amekaa, wala asione vibaya. Bakora ishike mkono wa upande mzima. Ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka.

Dawa. Kwa goti, jeli ya diklofenaki ya kupaka itangulie kabla ya vidonge, maana kidogo sana huingia kwenye damu. Nyonga iko ndani mno, jeli haifiki. Vidonge vya diklofenaki vikitumiwa mfululizo huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, kwa hiyo tusivinunue kama pipi. Sindano ya kiungo hutuliza kwa wiki chache. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 wa kutibu maradhi haya hauishauri glukosamini, vile vidonge vinavyouzwa kuwa vinalisha gegedu, na wengi wetu tunamaliza pesa huko.

Si kila goti ni la kusagika, lakini. Kiungo kilichovimba ghafla na kuwaka moto pamoja na homa, maumivu baada ya kuanguka mpaka hukanyagi, vidole vinavyokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, au nyonga inayomuuma kijana mwenye selimundu: hao wapelekwe hospitali mapema, wasianzishwe mazoezi nyumbani.

Ambaye amefanya yote haya kwa dhati na bado hapati usingizi, kubadilishiwa kiungo kupo, taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC Moshi wanafanya. Hata huyo mazoezi asiyaache, kwa sababu msuli anaoingia nao chumba cha upasuaji ndio utakaomsimamisha akitoka. Ukienda kliniki kabla ya kufika huko, usitoke na karatasi ya dawa peke yake. Omba kuandikiwa fiziotherapia, omba kuonyeshwa mazoezi ukiyafanya mbele yao, na uliza urudi lini wayaongeze.