Jibu: Januari ilipiwe kwanza, ndipo jina liende potalini

Mkuu, mzuie. Mpigie leo, usingoje wikendi.

Umeandika kwamba mpwa wako wa Kenya, mchezaji wa soka ya wanawake, yuko mwaka wa pili kwenye chuo cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) Marekani, anakaa benchi, na kuna mtu wa kuunganisha wachezaji aliyemwambia atie jina kwenye potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, dirisha la Novemba likifunguka tu. Ofa zitakuja zenyewe, eti, halafu Agosti anaripoti chuo kipya. Umeuliza kuhusu video, darasa la usajili la mwakani (mabinti wanaosajiliwa kutoka sekondari), krediti (vipimo vya masomo aliyokamilisha), baridi na aina ya vyuo. Mimi nakwama kwenye hiyo Novemba, kwa sababu ndiyo inayowarudisha mabinti nyumbani bila shahada na bila mpira. Kosa hilo nimeshalilipia bei yake na sitaki kuona mtu mwingine akilipa.

Kanuni ni moja: muhula wa Januari uwe umelipiwa, kwa maandishi, kabla jina halijaenda potalini. Kama Januari haijalipiwa, jina lisiende.

Fuata hesabu yake. Potali ipo tangu Oktoba 2018. Mchezaji haingizi jina mwenyewe. Anapeleka ombi la maandishi kwenye ofisi ya kanuni za michezo ya chuo chake, anapitia somo fupi la mtandaoni, na chuo kina siku 2 za kazi kuliingiza jina. Kuanzia hapo makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kuzungumza naye. Mpaka hapa kila kitu ni sawa, na hapa ndipo yule mtu wenu anapokomea kueleza.

Asichoeleza ni kwamba taarifa ileile inakipa chuo cha sasa haki ya kupunguza au kufuta ufadhili wa michezo muhula unapokwisha. Mwisho wa muhula huo huo, si mwisho wa mwaka wa masomo. Akitoa taarifa Novemba, muhula unakwisha Desemba. Chuo hakilazimiki kufuta, na vipo vinavyomwachia binti fedha zake hadi Mei. Lakini uamuzi umetoka mikononi mwake. Kocha ambaye jana alikuwa anamwita "binti yangu", leo ana nafasi na fedha za kuwapa wengine. Hata akilitoa jina potalini wiki ya pili, chuo hakilazimiki kumrudishia kitu.

Sasa tofautisha Mmarekani na mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Mmarekani aliyefutiwa fedha Desemba anarudi kwa wazazi, anapata kibarua dukani, anajisomea taratibu, Agosti anakwenda chuo kipya. Mpwa wako hana njia hiyo. Uhalali wake wa kukaa nchini unategemea kuandikishwa masomo kamili, yaani angalau krediti 12 kwa muhula, na katika hizo somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu, krediti 3. Hawezi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Na ankara ya Januari haina karo peke yake: kuna chumba, chakula, na bima ya afya. Ankara isipolipwa, akaunti inafungwa. Akaunti ikifungwa, hawezi kuandikisha masomo. Asipoandikishwa, afisa wa wanafunzi wa kigeni analazimika kulionyesha hilo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na rekodi yake inafungwa.

Wengi hudhani uhamisho wa rekodi ya SEVIS utaziba pengo. Hauzibi. Mwanafunzi anayehamisha rekodi lazima aanze masomo chuo kipya ndani ya miezi 5 tangu siku rekodi ilipoachiwa, au tangu tarehe ya mwisho wa programu iliyoandikwa kwenye I-20 yake (hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni), ipi itangulie. Hesabu kwa vidole: katikati ya Desemba hadi katikati ya Agosti ni miezi 8. Na hawezi kuiacha rekodi ikae chuo cha zamani hadi Mei bila kusoma, kwa sababu kuikalia kunataka awe darasani. Likizo ya kiangazi inaruhusiwa kwa sababu aliyemaliza muhula Mei na anarudi Agosti hajakatisha masomo. Muhula mzima wa Januari si likizo.

Rekodi ikishafungwa zimebaki njia mbili, zote chungu. Ya kwanza ni kuomba kurejeshewa hadhi kwa fomu I-539, na kwa kawaida anatakiwa awe hajapoteza hadhi kwa zaidi ya miezi 5. Anasubiri bila uhakika, na kocha wa chuo kipya hasubiri. Ya pili ni kutoka nchini na kuanza upya: I-20 mpya ya mwanzo, ada ya SEVIS dola 350 mara ya pili, ada ya ombi la viza dola 185, na foleni ya mahojiano Nairobi, ambako afisa atauliza kwa nini rekodi ya kwanza ilifungwa. Aliyehamisha rekodi yake ikiwa hai halipi ile 350 tena na namba yake ya SEVIS inabaki ileile. Ona tofauti ya mtu yuleyule, mpira uleule, kwa sababu ya mwezi mmoja wa papara.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi lolote, aende ofisi ya ufadhili ya chuo. Si kwa kocha, wala kwa msaidizi wa kocha. Ofisi ya ufadhili. Aulize kwa barua pepe: nikitoa taarifa ya uhamisho Novemba, ufadhili wangu wa muhula wa Januari hadi Mei unabaki kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kuubadilisha? Jibu likija kwa mdomo, aandike tena aombe kwa maandishi. Kisha aende kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni na kumwonyesha mpango mzima kwa tarehe, kabla ya kuugusa. Huyo afisa ndiye rafiki yake kuliko kocha yeyote, na wachezaji wengi humwona mara moja tu, siku ya kufika.

Ofisi ya ufadhili ikisema haiahidi chochote, basi Januari ilipiwe na nyumbani, na fedha ziwe tayari benki, si ahadi za harambee. Au apate chuo kipya kinachompokea Januari hiyo hiyo, na rekodi yake ihamishwe moja kwa moja bila pengo. Inawezekana, ila muda ni mfupi mno: barua ya kukubaliwa, nakala rasmi za matokeo, ushahidi wa fedha kwa I-20 mpya, vyote kati ya Novemba na mapema Januari, ofisi zikifungwa kwa Krismasi. Kuna watakaomshauri ajifiche muhula mmoja kwenye chuo cha miaka miwili. Uhamiaji unaweza kukubali kama chuo hicho kina idhini ya kupokea wanafunzi wa F-1, lakini kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, anakuwa amepita njia ya chuo cha miaka minne, miwili, kisha minne tena, na njia hiyo ina masharti mazito kuliko kuhama moja kwa moja.

Kama hakuna kati ya hayo, avute subira hadi Mei. Mwaka 2022 NCAA ilipoweka madirisha, soka ya wanawake ilipata siku 45 kuanzia siku inayofuata kutajwa kwa timu za mashindano ya taifa, pamoja na dirisha dogo la Mei 1 hadi 15. Tarehe hizi hubadilishwa, kwa hiyo achukue kalenda ya mwaka huu kutoka ofisi ya kanuni na aione Mei kwa macho yake. Akitia jina potalini Mei, muhula umeshalipwa na umeshasomwa. Rekodi ikiachiwa mwishoni mwa Mei, miezi 5 inafika mwishoni mwa Oktoba, na Agosti iko ndani kabisa. Hasara ya Mei ni kwamba vikosi vingi vimeshajaa. Ni kweli, na bado naichagua.

Huyo mtu wa kuunganisha wachezaji ananitia hasira. Kauli yake kwamba uhamisho siku hizi ni huru ni nusu ya ukweli. Ni kweli tangu Aprili 2024 mchezaji wa Divisheni ya Kwanza anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo, mradi masomo yake yako sawa. Huo ni uhuru wa kucheza, uliotolewa na NCAA. NCAA haina mamlaka juu ya viza. Mtu anayechukua dola za familia ya Kenya akashindwa kutenganisha hizo mbili hana haki ya kushauri mtoto wa mtu. Muulizeni analipwaje. Kama ada yake inategemea binti kupata ufadhili, NCAA inakataza malipo ya namna hiyo, na atakayehojiwa uhalali wake wa kucheza ni binti. Na kama anasema kocha fulani "ameshamhakikishia" nafasi wakati jina halijaingia potalini, basi kocha huyo anavunja kanuni ya mawasiliano. Mnajenga maisha ya mtoto juu ya neno la mtu ambaye neno lake la kwanza ni la kuvunja kanuni?

Halafu potali si soko ambalo ukipanga nyanya wateja watakuja. Ni orodha. Soka ya wanawake kwa miaka ilikuwa na kikomo cha ufadhili 14 kamili katika Divisheni ya Kwanza, vikagawanywa vipande, na kikosi kingeweza kuwa na wachezaji thelathini na kitu. Tangu msimu wa 2025, kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya House (ya wachezaji dhidi ya NCAA kuhusu malipo), kikomo cha ufadhili kimeondoka na kimewekwa kikomo cha kikosi: wachezaji 28. Gawa kwa miaka minne, ni kama 7 kwa kila darasa. Na mabinti wa darasa la usajili makocha wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana nao Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo viti vingi vina wenyewe kabla mpwa wako hajaingia kwenye orodha. Anayepokelewa ni yule anayejaza pengo linaloonekana: beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto, kipa mwenye dakika, mshambuliaji mwenye mabao. Aliyekaa benchi miaka miwili lazima ajue anajaza pengo gani. Ile barua ya zamani ya kusaini kwa taifa zima, iliyomfunga mchezaji na chuo, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachomfunga chuo sasa ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa. Ofa ya simu haimfungi mtu.

Kuhama kwenyewe si dhambi. Onyi Echegini wa Nigeria alitoka Mississippi State akaenda Florida State, na 2023 akatwaa ubingwa wa taifa na tuzo ya Hermann, ya mchezaji bora wa soka ya vyuo. Sandra Nabweteme wa Uganda alicheza Southwestern Oklahoma State, Divisheni ya Pili, wala hakupotea kwa timu yake ya taifa. Divisheni ya Pili ina kikomo cha ufadhili 9.9 kwa timu; ya Tatu haina ufadhili wa michezo kabisa, kwa hiyo huko I-20 itataka fedha zenu.

Krediti nigusie, maana nazo zinaua. Usiridhike chuo kipya kikisema krediti zake "zimepokelewa". Swali ni ngapi zinahesabika kwenye shahada atakayosoma. Kipimo kilichozoeleka Divisheni ya Kwanza ni asilimia 40 ya shahada kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, 80 kabla ya wa tano. Kwa shahada ya krediti 120, arobaini ni krediti 48. Akifika na 60, zote zikapokelewa, lakini 45 tu ndizo zinazoingia kwenye shahada, yuko asilimia 37.5 na anaanza kwa kukaa jukwaani. Alama za D vyuo vingi havichukui. Chuo cha robo mwaka kina hesabu yake: krediti 90 za huko ni 60 za muhula. Ofisi ya udahili anaweza kuiandikia hata kabla ya potali, kama mwanafunzi yeyote, mradi asiwasiliane na benchi la ufundi. Aambatanishe mihtasari ya masomo.

Lakini hayo ya krediti yana dawa, somo la kiangazi linaweza kuziba. Januari isiyolipiwa haizibwi na kitu. Asitume ombi wiki hii, na akipata barua ya ofisi ya ufadhili futa majina na namba, uiweke hapa. Tuangalie kwanza kama imetaja muhula wa Januari kwa jina na kiasi kwa tarakimu, au imeandika tu kwamba chuo "kitatathmini".